Sadalla Nazi Mbele ya Kamati

Watu waliowahi kulisoma jina la Sadalla Mwinyikondo lote, kwa sauti, hadharani, walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa hakimu, na tutamfikia. Wa pili alikuwa Augustino, karani wa kamati ya Baraza la Kutunga Sheria, asubuhi moja ya Agosti mwaka 1957. Alisimama mlangoni na karatasi yake akaita mara tatu, na mara zote tatu Sadalla alibaki kwenye benchi la korido, kofia mapajani, akimwangalia jirani yake kama anayemwambia, inuka bwana, unaitwa.

Tusimcheke. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kariakoo ilimwita Sadalla Nazi, na mkewe Sitara akikasirika alimwita Nazi tupu, na jina la Sadalla akaliweka kwa siku za amani.

Alikuja mjini kutoka Maneromango akiwa kijana, na magunia mawili ya nazi za mjomba wake, aziuze arudi. Nazi zilikwisha siku ya pili. Kurudi ndiko kulikochelewa. Alipata meza upande wa soko unaotazama Msimbazi, akapata chumba, akapata mke, na mjomba akafa huku bado anaulizia magunia yake.

Alikuwa na kipaji cha mkono na kipaji cha mdomo. Kwa mkono, aliitikisa nazi sikioni mara moja tu akakwambia kama ina maji, imeota, au imeoza. Kwa mdomo, hakuna mteja aliyeondoka pale bila kusemwa. Mwenye haraka alisemwa haraka yake, mnene unene wake. Mwarabu mmoja wa duka la vitambaa, aliyekuwa akimtuma mpishi kwa kuuogopa ulimi ule, alisemwa kwa kutokuja.

Lakini hao walikuwa wateja. Matusi yenyewe, yale ya kutoka moyoni, Sadalla aliyaweka kwa ajili ya mtu mmoja: Pantaleo, hamali wa mkokoteni, Mnyamwezi wa Ndala huko Tabora, mwenye kifua kama mlango wa ghala na msalaba mdogo wa shaba shingoni. Kila asubuhi Pantaleo alitoka mtaa wa Gerezani na magunia yaliyoshushwa kwenye gari moshi, akifika kwenye meza ya nazi anasimamisha mkokoteni katikati ya njia, nyuma yake watu wanapiga kelele, yeye hana habari.

"We mlamba machicha! Umeamka? Mi nilidhani Mzaramo haamki mpaka ngoma ilie."

"Pita hivyo, mbeba mizigo. Babu yako alitoka Tabora kwa miguu na pembe kichwani, na wewe mpaka leo hujatua."

"Nitatua kwako. Nipe dafu."

"Sikupi."

Na hapo dafu lilikuwa limekwishapasuliwa, na aliyelipasua ni Pantaleo mwenyewe, kwa panga la Sadalla.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Imekuwa hivyo tangu misafara ya pembe, wakati mmoja alikuwa akifika pwani hoi na mwingine akimpokea. Mtani hakukeri kwa tusi, na mlangoni kwako habishi hodi. Akiipenda kofia yako anaivaa. Akikukuta unakula ananawa. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wangu, na hakuna aliye bwana. Ila mtani haombi ruhusa, wala wewe humpi. Ukimpa ruhusa umeharibu kila kitu, umemfanya mgeni. Na siku ya msiba ndiyo siku yake ya kazi hasa: yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya upuuzi mbele ya maiti, ili waliofiwa wasife na wao.

Mwezi wa Machi mwaka huo wa 1957 alifariki Bi Zena, shangazi yake Sadalla, aliyemlea. Alifia chumba cha uani, alfajiri, na Sadalla akakaa chini karibu na mlango asiseme neno. Watu walishtuka. Sadalla kunyamaza ilikuwa kama soko kufungwa.

Kabla ya adhuhuri Pantaleo aliwasili na Wanyamwezi wenzake watatu, wanalia kilio cha uongo kinachosikika mpaka Gerezani.

"Bibi wee! Umekwenda, nani sasa atatunyima chai!"

"Bibi wee! Umetuachia huyu mwenye kichwa cha kifuu, tumfanye nini!"

Jeneza lilipotaka kutoka, Pantaleo alijilaza kizingitini, akasema haliondoki mpaka alipwe jogoo. Akaletewa jogoo, akamkagua, akasema huyu mgonjwa, lete mwingine. Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka. Sadalla naye akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu alfajiri, na baada ya kicheko akaweza kulia, na baada ya kulia akaweza kuinuka na kubeba jeneza. Kazi ya mtani ilikuwa imefanyika.

Watu waliporudi kutoka makaburini, Pantaleo akaiona baiskeli ya Sadalla imeegemea ukuta. Ilikuwa nzuri, nyeusi, na Sadalla aliifuta kwa kanga kuukuu kila Ijumaa. Pantaleo akaipanda.

"Nimerithi! Bi Zena kaniachia hii!" Akachapa pedali kuelekea Msimbazi.

Hiyo nayo ni desturi. Mtani huchukua kitu msibani, akakaa nacho, na siku ya tatu, watu wakivunja matanga, wenye msiba wanakikomboa kwa kuku na maneno makali. Na aliyechukuliwa kitu chake anapaswa apige kelele. Asipopiga, mtani atajiona hakupendwa. Basi Sadalla akatoka mbio, miguu mitupu, kanzu kaikunja mkononi.

"Mwizi! Mnyamwezi mwizi huyo! Mkamateni!"

Mtaa mzima ukapokea. "Mwizi! Mwizi!" Wengine walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kwenye kona ya Msimbazi alisimama askari kijana, wiki yake ya tatu mjini. Aliona mtu mwenye kifua kikubwa anakimbia na baiskeli, na nyuma yake umati unaita mwizi. Akafanya lile alilofundishwa, na kwa kweli alilifanya vizuri. Sadalla alipofika anahema, Pantaleo alikuwa amekalishwa chini, pingu mkononi.

"Baiskeli yako hii?" askari akauliza.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema: Afande, huyu ni mtani wangu. Maneno matano tu. Lakini Pantaleo, na pingu zake, alimkonyeza. Pingu! Utani gani mwingine Kariakoo ulikuwa umewahi kufika kwenye pingu? Hadithi hii ingesimuliwa mpaka Ndala. Kuikatiza pale kungekuwa ufidhuli.

"Yangu, Afande! Na huyu mwizi mzoefu. Mpelekeni, mfungeni, na mkiona njaa mleni."

"Kweli nimeiba," Pantaleo akaitikia kutoka chini. "Na nikitoka narudi kumwiba mkewe."

Kituoni waliendelea hivyo hivyo. Karani wa polisi aliandika, Sadalla akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi huku bega likimtikisika kwa kicheko, na Pantaleo akabonyeza chake kwenye karatasi nyingine. Hakuna aliyewasomea, wala wao hawakuuliza. Sadalla aliondoka mbio kwa sababu nyumbani watu wa msiba walikuwa wanamngoja.

"Kesho nakuja kukukomboa na kuku, mtumwa wangu we! Kaa hapo upumzishe mabega!"

"Awe mnono!" Pantaleo akajibu kutoka ndani.

Asubuhi alikwenda na kuku kweli, mnono, kamfunga miguu. Koplo alimwangalia kuku, akamwangalia Sadalla.

"Faili limekwenda kortini, mzee. Hayo kayaseme huko. Na kuku huyo mtoe hapa kabla bwana mkubwa hajadhani ni rushwa."

Kortini ndipo jina lake liliposomwa lote mara ya kwanza. Hakimu alikuwa na karatasi mbili mbele yake, zote zimebonyezwa gumba, moja inasema kaniibia, nyingine inasema nimeiba. Hakimu gani atapata kesi nyepesi kuliko hiyo?

"Baiskeli ni yako?"

"Yangu, Bwana."

"Ulimruhusu mshtakiwa aichukue?"

Mtu mwingine angesema ndiyo, nilimruhusu, watu wakarudi makwao. Lakini Sadalla alikuwa ameapa kwa Msahafu dakika mbili kabla, na tangu azaliwe hajawahi kumruhusu mtani kitu.

"Sikumruhusu, Bwana, lakini..."

"Jibu swali. Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Rafiki yako?"

Na hapa ulimi, uliokuwa umefanya kazi ile ile kila asubuhi kwa miaka tisa, ukajibu peke yake.

"Rafiki wapi, Bwana! Huyu mtumwa wangu."

Watu wa mabenchi ya nyuma wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliandika muda mrefu. Alipomaliza, Pantaleo alikuwa na miezi mitatu jela, na juu yake amri kwamba akitoka apandishwe gari moshi arudishwe kwao, asionekane Dar es Salaam kwa miaka mitano. Siku hizo sheria ilikuwepo: Mwafrika aliyehukumiwa, au aliyekutwa hana kazi, aliweza kuondolewa mjini kama inavyoondolewa takataka, na jina la sheria lilikuwa refu na la heshima kuliko kazi yake.

Pantaleo alipopitishwa, alimtazama Sadalla. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aseme, haya basi, inatosha.

Sadalla alikwenda jela, akaambiwa aende polisi. Akaenda polisi, akaambiwa aende kwa Liwali. Liwali alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka sana mahali pa jogoo, kisha akasema hukumu ya korti ile si yake. Juni ikafika, na Pantaleo akatolewa mlango wa jela kwenda mlango wa behewa, bila kupitishwa Kariakoo hata kuchukua shati.

Theopista, mke wa Pantaleo, alikuwa na jiko lake la vitumbua Mtaa wa Msimbazi. Alisoma mpaka darasa la nne kwa masista, na kwa ulimi aliwashinda Sadalla na mumewe wakiwa pamoja. Siku gari moshi lilipoondoka alikuja kwenye meza ya nazi, akaegemea viwiko juu yake.

"Mzaramo we. Nazi zote hizi hazikukutosha, ukanilia na mume."

"Nimemlia, Theopista."

"Basi umtapike."

"Nitamtapika. Niambie wapi nikitia kidole."

Hakuna aliyejua, mpaka Julai, tangazo lilipobandikwa kwenye lango la soko. Sadalla alisoma Kiarabu cha madrasa, herufi za Kizungu zilimpita. Theopista ndiye aliyemsomea. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa limeteua kamati ya wajumbe watano kuangalia mambo ya haki, na hasa namna watu wanavyoondolewa mjini. Mwenye malalamiko aandike, nakala tatu.

Soko liligawanyika. Muuza samaki alisema ni mtego, wataandika majina halafu watakuja na lori. Muuza mchele alisema sivyo, siasa imepamba moto, serikali inataka kuonekana inasikiliza. Sadalla hakuwa na upande. Alinunua karatasi.

Waliandika mchana, pembeni ya jiko la vitumbua, karatasi juu ya sinia lililopinduliwa.

"Andika: mimi Sadalla ni mwongo."

"Hilo wakikuona watalijua, tutakuwa tumepoteza wino. Anza na salaam."

"Haya, salaam. Sasa andika: yule si mwizi, mwizi ni mimi niliyemwiba kwa mdomo."

"Acha mashairi, mlamba machicha. Waheshimiwa hawana nafasi ya mashairi. Sema, nilisema uongo mbele ya hakimu."

"Andika hivyo."

Kalamu ikasimama. "Hawatakufunga?"

"Wanifunge. Wakinifunga mimi, yeye si watamrudisha? Baiskeli moja itakuwaje na makosa mawili?"

Theopista akaandika. Mara tatu, nakala tatu.

Ndivyo Sadalla alivyofika kwenye benchi lile la korido, kanzu imepigwa pasi na Sitara, koti la kuazima limembana makwapa. Augustino alipomaliza kuita mara tatu alimjia, akamwinamia. "Mzee, wewe si ndiye wa nazi?"

"Ndiye."

"Basi ni wewe. Ingia."

Chumba kilikuwa na mapangaboi mawili na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Mzungu mwenye mashamba ya mkonge, mzee wa nywele nyeupe, mpole. Kulia kwake wakili wa Kihindi. Kushoto Mheshimiwa Elisaria, Mpare, mwalimu wa zamani, mwenye miwani. Wawili wa mwisho kazi yao siku ile ilikuwa kukubali. Augustino alisimama katikati kutafsiri.

Sadalla alisema yote. Msiba, jeneza, jogoo wa kwanza na wa pili, baiskeli, pingu, gumba. Alipofika kwenye "nilisema uongo," wakili alinyanyua kalamu.

"Shahidi anaelewa kwamba kusema uongo baada ya kiapo ni kosa la jinai?"

"Naelewa, Bwana. Ndilo nililokuja kulileta."

Wakaangaliana. Ndipo Mheshimiwa Elisaria akaomba nafasi, akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, kama anafundisha darasa, na Augustino akamnong'oneza Sadalla kila sentensi: kwamba utani upo, kwamba kwao Upareni upo, kwamba mzee huyu hakudanganya wala hakusema kweli, alikuwa ndani ya kitu ambacho korti haina kisanduku cha kukitilia.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akasogeza kiti mbele.

Sasa maswali yakaanza kumiminika. Je, wanawake pia wana watani? Wanao. Na harusini? Harusini ndiyo kabisa. Je, mtu akimtukana mtani wake mamaye? Inategemea mama mwenyewe. Nani aliuanzisha? Njaa na safari, Bwana. Sadalla alipata ulimi wake, ule wa sokoni. Koti likaacha kumbana. Wale wawili wa kukubali wakawa wanacheka, Augustino anashindwa kutafsiri kwa kicheko, na Mwenyekiti akafuta macho kwa leso akauliza kama na yeye, kwa umri wake, anaweza kupata mtani.

"Unaweza, Bwana. Lakini itabidi kwanza ubebe mzigo kutoka Tabora, tukuone."

Mwenyekiti aliipiga meza kwa kiganja. Saa nzima ilipita, na shahidi mwingine yeyote alikuwa amepewa robo saa. Sadalla akajisemea moyoni: watu wanaocheka namna hii hawawezi kumwacha Pantaleo kule.

Kisha Mwenyekiti akatazama saa, akakunja karatasi, akamshukuru. Alisema huyu amekuwa miongoni mwa mashahidi waliowanufaisha kuliko wote.

"Na Pantaleo?" Sadalla akauliza.

Augustino akatafsiri.

Mwenyekiti alijibu kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. Kamati haisikilizi kesi ya mtu mmoja. Kamati inatazama sheria, na korti ziko huru, haziingiliwi. Halafu akainama kama anayetaka kumfanyia mtu hisani, akasema: kuhusu yale maneno ya kusema uongo mbele ya hakimu, wamekubaliana yafutwe kwenye kumbukumbu, na ile barua itolewe kwenye faili, ili mzee asije akapata matatizo.

Ilimchukua Sadalla muda kuelewa. Walikuwa wanamwokoa.

"Msiyafute, Bwana! Hayo ndiyo niliyokuja nayo, sina mengine! Yale ya harusi ndiyo mfute! Niandikeni mwongo, nitabonyeza gumba hapa hapa!" Na kidole kilikuwa kimenyooshwa tayari, mbele ya watu watano, bila wino.

Augustino alitafsiri kwa sauti ya chini, maneno machache kuliko yaliyosemwa. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma. Shahidi mwingine akaitwa.

Mheshimiwa Elisaria alimfuata koridoni.

"Mzee wangu, nimejaribu."

"Mheshimiwa, wewe umenielewa?"

"Neno kwa neno. Mimi mwenyewe nimewachukulia Wachaga mbuzi mzima msibani, wakanifukuza na mapanga, tukalala chini kwa kucheka."

"Basi si uwaambie?"

"Nimewaambia. Wameandika."

Akamshauri amwandikie Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, wa Tabora. Theopista akaandika tena. Tabora walijibu kwamba amri ilitolewa Dar es Salaam, waulizwe Dar es Salaam. Dar es Salaam walijibu kwamba mhusika yuko Tabora, waulizwe Tabora. Barua zote mbili zilikuwa na mihuri mizuri.

Wakati huo Pantaleo alikuwa analima tumbaku kwenye shamba la kaka yake huko Ndala. Mtu aliyekuja kutoka huko alisema amekonda, na kwamba mabega yale yalikuwa yanamuuma kwa kukosa mizigo.

Ripoti ilitoka mwezi wa Januari. Augustino, ambaye hakulazimika, alikuja nayo mwenyewe mpaka sokoni. Alikuwa ameitafsiri sehemu moja kwa mkono wake, karatasi mbili. Sadalla alifunika nazi kwa gunia, wakaenda wote kwa Theopista. Theopista akapangusa mafuta mikononi, akasoma kwa sauti.

Nyongeza ya Pili: Desturi ya Utani. Ilielezwa vizuri, hakuna la kukosoa. Jogoo wawili walikuwepo. Lile la kubeba mzigo kutoka Tabora lilikuwepo, na ilisemwa kwamba shahidi ni mtu mwenye akili na mcheshi. Kamati ilipendekeza askari wapya wafundishwe desturi za wenyeji, nafasi na fedha zikiruhusu. Kuhusu sheria ya kuwaondoa watu mjini, kamati iliona itumike kwa busara.

Theopista aligeuza karatasi, akatazama nyuma. Akageuza tena.

"Pantaleo yuko wapi?"

Augustino akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa. Mtu mmoja wa kabila la Wanyamwezi."

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, dada."

Theopista akazikunja karatasi mara mbili, akampa Sadalla. Kitumbua kimoja kilikuwa kinaungua jikoni na hakukigeuza. Sadalla alingoja. Alingoja tusi lolote, hata lile la machicha lililochakaa. Mwisho akaaga, akarudi kwenye nazi zake.

Wiki mbili baadaye alisikia kwa watu kwamba Theopista ameuza jiko na anaondoka kumfuata mumewe. Hakuja kumwambia. Sadalla aliwahi stesheni asubuhi na magunia mawili ya nazi begani, yeye mwenyewe kabeba, hakutaka hamali. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wanasukumana na vyungu na magodoro. Alimkuta kwenye dirisha la behewa la nyuma, kitambaa cheupe kichwani, kifurushi magotini.

Sadalla akatua mzigo, akafuta jasho, akakusanya sauti yake yote ya sokoni.

"Nenda zako, Mnyamwezi we! Dar es Salaam imeshukuru! Kamwambie na huyo mtumwa wangu nimembebea mizigo mimi, Mzaramo, leo nimetoka Kariakoo mpaka hapa, aje anitazame bega lilivyochubuka, achekelee mpaka ajambe!"

Watu wawili watatu waligeuka. Mmoja alicheka, akangoja jibu, maana alijua litakuja na litakuwa kali.

Theopista alimtazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira Sadalla angeijua. Akainamisha kichwa kidogo, vile wanavyofundishwa kwa masista kuinamisha mbele ya watu wazima.

"Shikamoo, mzee Sadalla."

Miaka tisa hakuwahi kumpa shikamoo. Hakuna mtani aliyewahi. Sadalla alitafuta tusi, yalikuwa mengi, yote yalikuwa yake, na hakuna hata moja linaloweza kujibu salamu ile. Nyuma yake mtu alikuwa anamsukuma apite. Filimbi ikalia.

"Marahaba," akasema.

"Asante kwa nazi. Mungu akulipe. Umsalimie Bi Sitara."

"Zimefika."

Behewa likatikisika, likaanza kwenda. Hamali mmoja wa stesheni, kijana Mnyamwezi asiyemjua, alimpita na rukwama tupu, akaona kofia na kanzu, akampigia kelele kwa furaha: "Pisha njia, mlamba machicha!"

Sadalla akapisha.